Ajali za Kawaida katika Kozi ya Historia ya Tanzania

Kozi ya utangulizi ya historia ya Tanzania humkuta mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hata hajajua vyoo vya ukumbi wa mihadhara viko upande gani. Huanza na nyayo za Laetoli, zenye umri wa miaka kama milioni 3.6, na hukusudia kufika kwenye kurejeshwa kwa vyama vingi mwaka 1992, yote hayo ndani ya muhula wa wiki 15. Ingegawanywa sawasawa, kila wiki ingebeba miaka 240,000, na aliyelala homa wiki moja angepitwa na karibu maisha yote ya binadamu wa sasa. Wahadhiri hawagawi hivyo. Wiki ya kwanza humaliza miaka milioni tatu na nusu kwa picha za projekta, umeme ukiwapo, kisha wiki zilizobaki hugombania karne chache za mwisho, na karne hizo hazijapata kutoshea.

Ajali ya kwanza ni ya kujiamini. Mwanafunzi huyu amesoma historia tangu shule ya msingi, akaikuta tena sekondari, akaifanyia mtihani kidato cha nne na pengine cha sita. Akiulizwa Vita vya Majimaji ana sababu tano, matokeo matano na, kwa dharura, sababu ya sita. Mhadhiri haulizi sababu tano. Huandika ubaoni 1832 na 1840, kisha huuliza ni mwaka upi Seyyid Said alihamishia makao yake Unguja kutoka Muscat. Ukumbi hugawanyika kufuatana na shule walizotoka, na kila upande huapa kwa jina la mwalimu wake. Vitabu vinatofautiana kwa sababu sultani mwenyewe hakuhama kwa siku moja: alikwenda na kurudi kwa miaka kadhaa, na serikali ilikuwa pale alipo yeye na merikebu zake. Mhadhiri akishasema hayo huhamia mada nyingine. Kalamu mia mbili hubaki hewani zikisubiri atamke ni upi wa kukariri.

Pigo la pili hutoka Olduvai. Kizazi baada ya kizazi kimefundishwa kwamba fuvu la Zinjanthropus ni la mtu wa kale kuliko wote na kwamba lilivumbuliwa na Dakta Leakey. Aliyeliona, tarehe 17 Julai 1959, ni Mary Leakey, akiwa na mbwa wake. Mumewe Louis siku hiyo alikuwa kambini amelala na mafua. Fuvu lina umri wa miaka milioni 1.75 au karibu na hapo, na wataalamu hawamhesabu mwenyewe kuwa babu yetu. Ni wa tawi la pembeni, ndugu wa upande ambaye ukoo wake ulikatika bila kuacha watoto. Habari hii hupokelewa ukumbini kwa ukimya wa msibani. Kila mwaka hupatikana mwanafunzi mmoja wa kuuliza, kwa uchungu wa kweli, kama basi nchi irudishe heshima iliyokwishapewa. Hujibiwa kwamba zipo nyayo za Laetoli, ambazo ni za kale mara mbili na bado zina nafasi ya kuwa za ukoo, na darasa hupata nafuu.

Baada ya hapo vitabu hutajwa. Kipo kile kilichohaririwa na Isaria Kimambo na Arnold Temu mwaka 1969, miaka michache tu baada ya Terence Ranger kuanzisha idara ya historia kwenye chuo cha Dar es Salaam, wakati wasomi walipokuwa wameazimia kuandika historia ambayo Mwafrika ndiye mtendaji ndani yake. Kipo cha Walter Rodney cha 1972, ambacho kila mwanafunzi anakijua jina na wachache wamekivuka ukurasa wa arobaini. Kipo cha John Iliffe cha 1979 kuhusu Tanganyika, chenye kurasa zaidi ya 600. Maktaba huwa nacho, ila huazimwa kwa saa mbili bila kutoka nacho nje, na sura inayohitajika wiki hiyo imeondoka na mtu aliyekuwa na wembe.

Ndipo madesa yanapoingia. Madesa ni notsi za mwanafunzi mmoja mwenye mwandiko mzuri, aliyemaliza chuo siku nyingi, zinazotolewa kopi kwenye steshenari zilizo nje ya geti. Kila kopi hutolewa kwenye kopi iliyotangulia. Mstari wa chini hufifia mwaka hadi mwaka, na mnunuzi asiyeona vizuri hujaza kwa kalamu anachodhani kilikuwapo. Tarakimu mbili zikipishana tu, Mkwawa aliyejiua mwaka 1898 anafariki 1988, akiwa ameishi hadi awamu ya pili ya uongozi wa nchi na kuwahi kuona ruksa. Nusu ya darasa huandika hivyo kwenye mtihani wa majaribio, na mhadhiri mzoefu huweza kutaja steshenari iliyohusika kwa kuliangalia kosa peke yake.

Jambo la kuchekesha ni kwamba hiyo ndiyo kazi halisi ya mwanahistoria. Historia ya Kilwa ya zamani imetufikia kwa njia mbili: hati ya Kiarabu, na masimulizi yaliyomo katika kitabu cha Mreno João de Barros cha karne ya 16. Orodha za masultani katika hizo mbili hazilingani. Wataalamu wametumia miaka mingi kupima nani alinakili kwa nani, na wapi jina liliruka, huku wakishukuru kwamba Ibn Battuta alipita Kilwa mwaka 1331 na kumtaja sultani aliyemkuta. Mwanafunzi anayelinganisha madesa ya steshenari mbili ili ajue lipi lilizaa lipi amekwisha kuingia katika taaluma bila kujua. Kwa bahati mbaya huwa analinganisha bei.

Katikati ya muhula huja kazi ya kikundi. Kikundi huwa na watu kumi. Wawili huandika, mmoja huchapa, mmoja hutafuta jalada la rangi, na sita waliobaki hutuma majina na namba za usajili kwa WhatsApp saa nne usiku, wakisisitiza majina yaandikwe yote matatu. Mada inayogombaniwa ni mikataba ya Carl Peters, kwa kuwa inaigizika. Mwishoni mwa 1884 Peters alivuka kutoka Unguja na wenzake wachache, akajipenyeza hadi Usagara, na ndani ya wiki chache alikuwa na rundo la karatasi zilizotiwa alama na watawala wa huko, akiwamo Mangungo wa Msovero. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, serikali ya Kaisari ilitoa hati ya kuyalinda maeneo hayo. Jina la Mangungo limebaki kwenye ndimi za wanasiasa, na hutajwa kila mkataba wa madini unapowaka moto.

Kwenye igizo, Peters huvaa koti la kuazima na Mangungo hukalia kiti cha mhadhiri. Karatasi ya mkataba husahaulika hosteli, hivyo mtu huchukua iliyo karibu, ambayo ni ya mahudhurio, na Peters hutoka nayo jukwaani kwa makofi. Isipopatikana baadaye, darasa zima huhesabika halikuwapo. Ikumbukwe kwamba karatasi hiyohiyo husainiwa kila wiki na watu wasioisoma, baadhi yao kwa niaba ya wenzao waliolala. Baadhi ya wahadhiri hulifumbia macho jambo hili kwa sababu linaeleza mada vizuri kuliko wao.

Vita vya Unguja vya 1896 vina ajali yake peke yake, nayo ni ya saa. Tarehe 27 Agosti mwaka huo, baada ya Khalid bin Barghash kukitwaa kiti cha usultani bila ridhaa ya Waingereza, manowari zao zililipiga kasri kwa mizinga, na mambo yakaisha kwa dakika kama 38. Upande wa sultani watu mia kadhaa waliuawa au kujeruhiwa. Mhadhiri mwenye busara husema hilo kwanza, maana akianza na dakika 38 hatasikilizwa tena. Mhadhara wenyewe hupangiwa saa moja. Robo saa huliwa na mahudhurio, dakika kumi na projekta, na aliyecheleweshwa na foleni ya daladala hukuta vita vimeanza na kwisha, kasri limeanguka, na Khalid yuko ndani ya ubalozi mdogo wa Ujerumani akisubiri kutoroshewa Dar es Salaam.

Kuhusu Kilimanjaro, darasa hugoma. Kila mtu amesikia kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Wilhelm mlima huo kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, ndiyo maana mpaka wa Kenya na Tanzania ukapinda pale. Mpaka huo ulitokana na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886, wakati Wilhelm hajawa Kaisari. Alikalia kiti mwaka 1888. Wajerumani walipata mlima, Waingereza wakabaki na Mombasa, na mstari ukapinda kuwaridhisha wote wawili. Maelezo haya ni sahihi na hayana ladha. Kwenye mtihani huonekana majibu ya maridhiano, yanayosema mlima ulitolewa zawadi ingawa mhadhiri hapendi.

Mada inayowagusa wanafunzi kuliko zote ni ya fuvu la Mkwawa, na si kwa uzalendo tu. Mkwawa aliwapiga Wajerumani Lugalo mwaka 1891, Zelewski kamanda wao akafia hapo. Ngome ya Kalenga ilianguka 1894, naye akaendelea kuwasumbua porini hadi Julai 1898, alipojipiga risasi kuliko kukamatwa. Kichwa chake kilikatwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, uliomaliza vita vya dunia na kupanga upya mipaka ya Ulaya, una kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita tangu mkataba uanze kutumika. Miezi sita ikapita. Ikapita mingine. Wajerumani walisema halionekani, Waingereza wakalegea, vita vingine vya dunia vikapiganwa. Hatimaye Gavana Edward Twining alikwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, vipimo vya mafuvu vikalinganishwa na vya jamaa wa Mkwawa, na moja likachaguliwa. Juni 1954 alilikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge.

Kazi ya miezi sita iliyokabidhiwa baada ya zaidi ya miaka 30 ni faraja kubwa kwa mtu ambaye insha yake ilitakiwa Ijumaa. Kifungu cha 246 hunukuliwa kwenye barua za kuomba kuongezewa muda kuliko kinavyonukuliwa kwenye insha zenyewe. Zipo barua zinazofuata mfano wa Berlin hatua kwa hatua: kwanza kazi haionekani, kisha ilikuwa kwenye flashi, kisha flashi iko Iringa.

Majimaji huleta mkanganyiko wa aina nyingine. Vita vilianza Julai 1905 katika vilima vya Matumbi, mahali ambapo watu walichoshwa na kulimishwa pamba kwa nguvu, na vikaendelea hadi 1907. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyegawa maji, alinyongwa Agosti 1905, vita vikiwa ndio kwanza vinashika kasi. Wengi walikufa kwa njaa iliyofuata baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala, na makadirio ya waliokufa huanzia 75,000 hadi 300,000. Mwanafunzi aliyesoma fasihi, hata hivyo, ana chanzo kingine: tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ya 1969. Ameiigiza sekondari. Anamjua mhusika huyo kuliko anavyomjua mjomba wake, na humnukuu kwenye insha ya historia kwa alama za mtajo, kurasa zikiwa zimetajwa kabisa. Mhadhiri hupata taabu kumweleza kwamba mtu yule wa jukwaani ana maneno mengi kuliko yule wa Ngarambe, ambaye ameacha machache sana. Wanaojua zaidi habari za Ngarambe ni wale vijana wa chuo wa mwaka 1968, waliotumwa vijijini kuwahoji wazee ambao vita vile waliviona kwa macho. Mradi huo wa utafiti ni moja ya kazi nzuri zilizopata kufanywa na wanafunzi wa shahada ya kwanza nchini, na kuutaja mbele ya kikundi cha watu kumi waliotuma majina kwa WhatsApp kunahitaji upole.

Vita vya kwanza vya dunia hupita upesi. Wanafunzi hukumbuka nyuki wa Tanga, waliowashambulia askari wa pande zote mbili Novemba 1914, huandika kurasa mbili za nyuki, na kuwasahau wapagazi waliokufa kwa makumi ya maelfu wakibeba mizigo ya wenye vita. Kariakoo, wanakonunua mabegi ya chuo, ilikuwa kambi ya wapagazi hao. Anayetoka Kigoma huwa na siku yake hapa: meli Graf von Götzen, yenye jina la gavana aliyeyazima Majimaji, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe katika Ziwa Tanganyika mwaka 1916, ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Yeye amewahi kuipanda, na kwa saa nzima hakuna anayethubutu kumkatiza.

Swali fupi kuliko yote ndilo linaloua wengi. Huulizwa Tanzania ilipata uhuru mwaka gani, na mikono yote hupanda kusema 1961. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 na kuwa jamhuri mwaka mmoja baadaye. Zanzibar ilipata wake tarehe 10 Desemba 1963, na mwezi mmoja na siku mbili baadaye ikapinduliwa serikali iliyoupokea. Nchi hizo mbili ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, na jina la Tanzania likaanza kutumika Oktoba mwaka huo. Kwa hiyo nchi iliyoulizwa haikupata uhuru mwaka wowote, kwa kuwa ilizaliwa nao. Mhadhiri husahihisha kwa wino mwekundu, maneno mawili tu: nchi gani? Nyuma ya ukumbi mwanafunzi wa kutoka Pemba hutabasamu bila kusema neno.

Kazi ya mwisho ni ya masimulizi. Mwanafunzi hutumwa akamhoji mzee mmoja wa kwao juu ya Operesheni Vijiji, ile ya miaka ya 1973 hadi 1976 iliyowahamisha mamilioni ya watu kutoka makazi ya kutawanyika. Huenda na simu ya kurekodia na karatasi ya maswali kumi na mbili. Mazungumzo ya namna hii, yaliyofanyika chini ya mti wilayani Kondoa, yanaweza kusimama kwa niaba ya mengi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Sukari umekuja nayo?"

"Nimempa bibi. Babu, mlipohamishiwa kijijini mwaka sabini na nne, mliuonaje Ujamaa?"

"Mwaka gani?"

"Sabini na nne."

"Sijui huo. Ulikuwa mwaka ule wa Kijivu."

Kijivu alikuwa ng'ombe dume. Familia ilihamishwa, ikapimiwa kiwanja, na usiku ule Kijivu akakata kamba akarudi zizini kwake kwa zamani. Babu akamfuata alfajiri. Akakata tena. Mara ya tatu balozi wa nyumba kumi alimwambia babu kwamba ama amfunge huyo ng'ombe, ama aandikwe yeye kuwa anapinga. Babu alisimulia hayo kwa dakika arobaini, jogoo akiwika ndani ya rekodi yote, na kila swali kati ya yale kumi na mbili lilirudi kwa Kijivu. Ripoti ilisema kwa kifupi kwamba mhojiwa hakutoa taarifa zinazohusiana na mada.

Ilirudi na maandishi pembeni: ng'ombe ndiye mada. Umbali wa kijiji kipya umo mle ndani, ni mwendo wa ng'ombe wa usiku mmoja. Kwamba zizi la zamani lilikuwa bado limesimama limo, wakati kwingine nyumba zilichomwa ili watu wasirudi. Nguvu ya balozi imo, na woga wa kuandikwa umo. Mwanafunzi alilisoma hilo, akapeleka malalamiko kwamba mhadhiri ana upendeleo kwa mifugo.

Wiki za mwisho hukimbizwa. Azimio la Arusha la Februari 1967 hupata mhadhara kamili kwa heshima yake. Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 hupata nusu. Masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa ya 1986, ruksa, na vyama vingi hutumwa kwa PDF usiku wa kuamkia wiki ya mtihani, ikiwa na picha zilizopinda za kurasa za kitabu. Wasomi wa vimbwetani huanza kuotea maswali. Hoja hutolewa kwamba Majimaji yalitoka mwaka juzi, kwa hiyo mwaka huu hayatoki. Mwingine hujibu kwamba mhadhiri anajua kwamba wanajua hilo. Watu huacha mada nne kwa kutegemea ubashiri huu na kukesha juu ya Carl Peters, ambaye hatoki.

Matokeo hubandikwa kwa namba za usajili, na kwa nusu saa kila mtu huwa amesahau yake. Waliopata chini ya kiwango hawadisko kwa somo moja. Hufanya sapu, kabla mwaka mpya wa masomo haujaanza, bumu likiwa limekwisha na hosteli zimefungwa. Wiki hiyo steshenari za nje ya geti huongeza bei ya madesa.